Mkahawa wa Subiri

Herufi moja tu.
Ningekwambia simu ililia,
ningekwambia jua la saa saba la Wete
lilinichoma kisogo, ngazi ikacheza.
Yote kweli, na hakuna hata moja lililo udhuru.
Bi Mize Shaame alinipa karatasi ya daftari la skuli,
kwa kalamu ya risasi, mwandiko umelala kidogo:
MKAHAWA WA SUBIRA, JADIDA.
Mimi nikaandika SUBIRI.

Nyekundu, kivuli cheusi,
kila herufi shubiri kamili.
Nikashuka, nikarudi nyuma hatua tano
kama nilivyofunzwa, nikajisifu.
Mchora vibao huona rangi kwanza,
maneno huyasoma mwisho.
Aliyesoma kabla yangu alikuwa mtoto wa darasa la tatu,
sambusa mkononi:
"Mama, hapa wanatwambia tungoje."

Sikulala.
Kabla ya adhana ya alfajiri nilikuwa juu ya ngazi,
kopo la rangi nyeupe, brashi namba nne.
Akatoka, unga mpaka viwikoni.
"Shuka."
"Bi Mize, kosa langu. Nafuta, naandika upya,
na ile nusu ya malipo iliyobaki siitaki."
"Shuka, nakwambia. Jana wameingia wanne kuja kucheka.
Wote wanne wamekula."

Basi nikakaa, nikanywa chai,
nikamtazama anavyofanya kazi.
Kikombe kilifika mezani kabla sijavuta kiti.
Mandazi ya asubuhi hayaoni adhuhuri kwake,
yakibaki ni ya mbuzi wa jirani.
Siku nazi imechacha hasemi "ngoja kidogo,"
husema, "Leo kunde hakuna,"
na sheha hupimiwa upawa ule ule
anaopimiwa mchukuzi wa magunia.
Haukupita mwezi mji ukashika maneno,
sijui nani aliyaanza:
Subiri hakusubiriwi.

Akaja kijana kutoka Unguja, kompyuta begani,
akawakusanya wafanyabiashara ukumbini
kuwafundisha chapa na mkakati,
picha ukutani, mishale ya kila rangi.
Bi Mize alikaa nyuma, akaandika mistari miwili,
akaondoka kabla ya soda.
Unga ulikuwa umeshaumuka.

Akaja na Kombo wa Mtemani,
kibanda chake kinatazamana na cha Bi Mize,
noti kazikunja kiganjani:
"Niandikie SUBIRI NAMBA MBILI. Nakulipa maradufu."
Karafuu zilikuwa bado mtini,
mwanangu anadaiwa sare.
Nilizitazama zile noti, sitasema uongo.
Nikamwambia, "Bwana Kombo,
neno lile nililikosea mara moja.
Kulikosea tena sitaweza."
Akapata mwengine wa kumwandikia, na herufi nzuri kuniliko.
Watu wakaenda, wakakaa,
chai ikaja baada ya dakika arubaini,
na kule jina likawa kweli.

Mimi siku hizi nasoma kazi yangu kinyumenyume,
kidole juu ya kila herufi,
I, R, I, B, U, S,
maana ukisoma mbele moyo hujisomea unachokitaka.
Simu naiacha chini, ndani ya kiatu.
Na kila masika ikishakula rangi
napanda tena pale Jadida
kulipaka upya kosa langu,
ile I ya mwisho kwa uangalifu
kuliko herufi zote nilizopata kuandika.

Hunilipa kamili, papo hapo.
Na ile nusu ya mwaka wa kwanza
bado iko ndani ya bahasha, chini ya kopo la sukari.
Kila nikija huisogeza upande wangu,
nami huirudisha kwa ncha ya kidole chenye rangi.
Bahasha imejaa alama nyekundu.
Sijaipokea.
Hajaiondoa.